Nguo Kwenye Mchanga wa Nkonde

Sura ya Sita

Hifadhi ya Ufukwe wa Nkonde ilikuwa na kila kitu ambacho hifadhi hupaswa kuwa nacho: geti, bendera, kibao cha masharti, choo cha wageni wa kike, choo cha wageni wa kiume, na mchanga mweupe ulionyooka kando ya Ziwa Tanganyika mpaka macho yakachoka kuufuata. Kilichokosekana ni wageni. Inspekta Alois Kasele alisimama mbele ya geti lililofungwa, begi begani, mfuko wa vielelezo mkononi, akapiga hodi kwa sauti ya kiserikali. Akajibiwa na kunguru.

Akapiga tena. Safari hii kunguru hakuona sababu ya kujirudia.

Simu ikaita. Alikuwa Hamoud, kaka mkubwa wa marehemu, akipiga kutoka Tabora. Kabla hajasalimia ilisikika fimbo yake ikigonga sakafu.

"Inspekta, umefika?"

"Niko getini, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Geti kubwa? Aa, hapo utasimama mpaka uote mizizi. Zunguka kwa nyuma, kwenye michikichi, kuna njia ya pikipiki." Fimbo ikagonga tena, kama mtu aliyejikanyaga mguu. "Haya. Tazama, andika, urudi. Ijumaa tunasoma hitima na shemeji yangu anaingia eda. Mtu kafa maji, ziwa halikurudisha mwili, ni amri ya Mungu. Tunachongoja ni karatasi yako tu."

"Nitaandika nitakachokiona."

"Na utaona nini zaidi ya maji?"

Simu ikakatika. Alois akautazama mlango wa geti kwa heshima, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Yaser, mfanyabiashara wa asali wa Ng'ambo, Tabora, alipeleka mzigo Kigoma na dereva wake, Shomari. Wakati wa kurudi, siku ya mwisho ya Ramadhani, walikata kona wakaingia Nkonde kupumzika. Dereva alikwenda ufukweni akakuta nguo za bosi wake bila bosi. Wavuvi walizamia, wakaburuta nyavu, wakapata samaki. Askari wa huku walihitimisha kwamba Yaser, ambaye hakujua kuogelea, amezama. Wakapeleka nguo na jalada Tabora, na maombi kwamba mtu wa Tabora aje kulifunga. Alichaguliwa Alois. Sababu iliyotajwa ni uzoefu wake. Sababu ya kweli ni kwamba wenzake wote walikuwa na mke wa kulalamika.

Kabla ya kupanda basi alipita Ng'ambo kumwona Asila, mke wa Yaser. Alimkuta barazani kwenye cherehani, kati ya mafundi bati waliokuwa wakigonga bila huruma. Asila alikuwa binti wa baba mdogo wa Yaser. Walikulia nyumba moja, na ndoa yao ilifunga ukoo ambao tayari ulikuwa mmoja. Hakulia. Aliondoa mguu kwenye kanyagio, akasema maneno ambayo Alois aliyabeba njia nzima.

"Afande, mtu wangu akiwa amekufa, nitakaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, cherehani hii kimya, wala hutasikia nikinung'unika. Ni haki yake. Lakini sitajifungia kwa mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa. Wanasema alizama. Yule anaogopa hata mvua. Nenda uniambie mimi ni nani."

Hilo ndilo lilikuwa swali la safari. Karatasi ilikuwa kwa ajili ya ofisi.

Geti likafunguka. Aliyelifungua alikuwa askari wa hifadhi, mwanamume wa makamo aliyefunga vifungo vyote vya gwanda mpaka shingoni ingawa hapakuwa na mtu wa kumkagua. Kibao cha kifuani kilisema FIKIRI.

"Mgeni!" alisema, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. "Karibu. Ingia. Unalala? Vyumba vipo. Vyote."

"Polisi. Kutoka Tabora."

"Hata polisi, karibu. Ila kwanza utaratibu."

Utaratibu ulikuwa kusomewa masharti. Fikiri alisimama kando ya kibao, mikono nyuma, akakariri bila kukitazama: usiwashe moto, usilishe nyani, usibebe mchanga, kuogelea ni kwa hiari ya mgeni. Alois alisikiliza kofia mkononi. Alipomaliza, Fikiri aliangaza macho kulia na kushoto, kama mwalimu mbele ya darasa lililojaa.

"Kuna swali?"

"Hakuna."

"Wa mwisho kuwasomea walikuwa wale wawili," alisema Fikiri. "Tangu hapo nilikuwa nimeanza kuyasahau."

Walikaa kwenye kibanda chake, kilichotazama ziwa. Upepo ulipita mlango wa mbele ukatokea wa nyuma bila kumsumbua mtu. Dirishani kulikuwa na redio isiyo na betri na mche wa pilipili kwenye kopo la plastiki. Fikiri alimimina chai, akamkabidhi mgeni kikombe chenye mpini, akabaki na kisicho na mpini.

"Siku ile nani alikuwepo hapa?" Alois aliuliza.

"Mimi. Na wao."

"Mwingine?"

"Afande, siku ya mwisho ya mfungo nani anakuja ufukweni? Hata siku nyingine hawaji."

"Lori liliegeshwa wapi?"

"Pale kivulini."

"Na dereva alikuwa amelala ndani yake."

Fikiri akakoroga chai ambayo ilikwisha kukorogwa.

"Ndivyo maelezo yake yanavyosema," Alois aliendelea. "Alilala, akaamka, akamtafuta bosi wake, akakuta nguo."

"Kama yanasema hivyo."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi niliulizwa habari za marehemu. Za dereva sikuulizwa."

"Sasa umeulizwa."

Fikiri alitazama mlango wa jiko lake, akatazama ziwa, akaona hakuna kati ya hivyo viwili kitakachomsaidia.

"Hakulala," alisema.

Alois akaweka kikombe chini. Watu wawili, lori moja, ufukwe mtupu, na mmoja anadanganya kuhusu mahali alipokuwa mwenzake alipotoweka. Kesi za namna hiyo hujipanga zenyewe kama viti vya harusi. Akampigia Shomari, simu ikiwa kwenye spika ili shahidi asikie.

"Shomari, niko Nkonde. Nimekaa na Fikiri."

Shomari alikohoa.

"Fikiri yupi?"

"Anayesema hukulala."

"Afande," alisema Shomari, "baba yangu ni muadhini."

"Sikuuliza kazi ya baba yako."

"Ndiyo hilo hilo nakujibu." Sauti ikashuka. "Toa kwenye spika kwanza, mkubwa wangu."

Alois akatoa spika. Fikiri akasogeza kiti karibu.

"Nilikula," alisema Shomari.

"Ulikula nini?"

"Migebuka. Ya kuchoma. Na ugali. Nyuma ya jiko la huyo bwana, mchana kweupe. Mwezi mzima nimefunga, afande, nimebakiza kipande cha siku, halafu mtu anachoma samaki na upepo wote unakuja upande wangu!"

"Msafiri anaruhusiwa kula."

"Kamwambie baba. Kamwambie na Mzee Hamoud. Wakati anatuaga alisema mbele za watu kwamba mtoto wa muadhini hafungui kwa sababu ya barabara. Na mimi, kwa mdomo wangu, nikaitikia."

"Kwa hiyo ukaona heri ushukiwe mauaji."

"Mauaji yana wakili, afande. Hilo la samaki halina."

"Na Yaser?"

"Alisema anakwenda kuoga, akachukua mfuko wake. Nikamwambia usiende mbali, hujui kuogelea. Akacheka."

"Mfuko gani?"

"Wa safari. Mweusi."

"Mbona kwenye maelezo hukuutaja?"

"Ningeutajaje, na mimi nilikuwa nimelala?"

Alois alikata simu. Fikiri alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayehudhuria maziko ya migebuka.

"Mfuko mweusi uliuona?"

"Sikuuona. Dereva aliponiita nilikuta nguo tu."

Basi mfuko haukuwepo. Mwizi angeweza kuuchukua, lakini mwizi wa ufukwe uliokosa hata wateja ni mwizi mwenye imani kubwa. Kuzama nao hakuwezekani. Hakuna mtu anayeoga na begi mkononi. Alois aliweka mezani mfuko wa vielelezo, akavaa glovu, akatoa kimoja kimoja. Kofia ya kushonwa kwa mkono, nyeupe, kavu. Ndara. Kanzu kuukuu yenye doa la asali kwenye mkono wa kulia, kavu. Mwisho kabisa kikoi cha mistari, na pamoja nacho harufu iliyomfanya Fikiri asogeze kiti alikokitoa. Kikoi kilikuwa kimeota ukungu, madoa meusi kutoka upindo mpaka upindo. Kanzu ilikuwa na madoa upande mmoja tu, ule uliokilalia kikoi.

"Ulizikuta zimekaaje?"

"Zimekunjwa, juu ya jiwe. Kanzu juu, kikoi chini yake. Ndara pembeni."

"Mvua ilinyesha siku ile?"

"Haikunyesha. Jua lilikuwa la kukaangia."

"Mawimbi hufika kwenye jiwe?"

"Mawimbi yakifika lile jiwe, na mimi nimekwisha kwenda na kibanda changu."

"Basi kikoi kilikuwa kibichi kwa nini?"

"Kilikuwa kibichi, kweli," alisema Fikiri akifikiri. "Nilidhani jasho."

Alois akamtazama.

"Jasho la nani, bwana Fikiri? La kiboko?"

Alois alikirudisha kikoi mfukoni. Ziwa nalo lilikuja mpaka mchangani, likarudi, likaja tena. Alois alipanga hoja yake kwa sauti, kwa kuwa aliyekuwepo kuisikiliza alikuwa na njaa ya kusikiliza chochote. Mtu mzima wa Ng'ambo, aliyelelewa kuficha kiuno chake hata bafuni kwake, hawezi kuingia majini hadharani bila kikoi. Kwa hiyo Yaser aliingia nacho, ndiyo maana kililowa. Lakini kikoi kilichozama hakipandi juu ya jiwe, wala hakijifuniki kanzu kavu. Kilitolewa majini na mtu. Na mtu huyo alikuwa amekivaa.

"Labda alitoka, akakivua, akarudi tena hivi hivi," alisema Fikiri. "Watoto wa hapa huoga hivyo."

"Yaser si mtoto wa hapa."

"Hata hivyo. Pasipo na watu mtu hufanya mambo. Mimi mwenyewe huwa naimba."

Pingamizi lilikuwa la haki na Alois alilikubali. Hoja ya mguu mmoja hufika mahakamani ikichechemea. Alitoka akatembea mchangani peke yake, akaliona lile jiwe, akakaa juu yake. Mbele maji, nyuma mchanga, na juu ya mchanga nyayo zake mwenyewe, safu moja, zikitoka kibandani. Hapakuwa na nyingine upande wowote. Alikaa kwa muda uliozidi mahitaji ya uchunguzi.

Aliporudi alisimama dirishani kwa nje, na mche wa pilipili ukawa sawa na uso wake. Hapo ndipo alipolitazama kopo. Lilikuwa ndoo ndogo ya asali iliyokatwa kwa kisu, ukingo umesuguliwa usikwaruze, mpini wa waya umesokotwa pembeni. Ubavuni alibaki nyuki nusu, na herufi za mwisho za jina la Ipole, kule Tabora kunakorinwa asali.

"Bwana Fikiri, hili kopo ulilipata wapi?"

"Hilo? Taka za ufukweni. Lilikuwa karibu na zile nguo."

"Karibu kiasi gani?"

"Pale pale, chini ya jiwe."

"Na halimo kwenye maelezo yako."

"Afande, nikianza kuandika makopo nitastaafu sijafika kwenye chupa. Watu wakija huku kuoga wanaingia ziwani. Kopo la nini?"

Alois akavua kofia. Alikuwa amesoma bweni Tabora, na bwenini mwanafunzi aliweza kuazimwa daftari, shati, hata jibu la hesabu. Kopo hakuazimwa mtu. Asiye na kopo alioga wa mwisho, kwa viganja, akichekwa. Mwenye kopo lenye mpini wa waya alikuwa mtu wa daraja lake. Na walipomaliza shule wakawa walimu, askari na wafanyabiashara, waliendelea vile vile: maji yanakaa kwenye ndoo, mtu anakaa kando ya ndoo, na kati yao kuna kopo. Katika mji ule hakuna anayeyafuata maji huko yaliko. Mtu wa Tabora ukimwonyesha ziwa, anaona ndoo kubwa.

Aliuhamishia mche kwenye sufuria kwa uangalifu, akasuuza kopo, akavua viatu, akakunja suruali. Fikiri alimfuata mpaka ukingoni.

"Tazama," alisema Alois. "Mimi ni Yaser. Sijui kuogelea, naogopa maji, nina vumbi la safari."

Akaingia. Maji yalipofika katikati ya muundi, miguu ikasimama yenyewe. Akainama, akachota, akajimwagia mgongoni, juu ya shati lake la kazi. Akachota tena.

Fikiri alishika kiuno. "Afande, ziwa lote hilo ni lako, hakuna mwingine, na unajimwagia kwa kopo?"

"Ningekwenda mbele kufanya nini?"

"Kuoga!"

"Naoga." Akajimwagia la tatu. "Hapa nilipo anaweza kuzama nini?"

Fikiri aliyapima maji kwa macho. "Kuku," alisema. "Tena awe mzembe."

Askari wa huku walisoma jambo moja kwa upande mmoja: hajui kuogelea, kwa hiyo alizama. Alois alilisoma kwa upande wa pili. Hajui kuogelea, ana kopo, kwa hiyo hakufika penye maji ya kumzamisha. Alioga kama anavyooga kwake, akatoka, akavua kikoi, akavaa nguo nyingine kutoka kwenye mfuko mweusi, akapanga zile kuukuu juu ya jiwe ili zieleweke kwa kila apitaye, akafunika ubichi kwa ukavu. Kopo akaliacha. Mtu haoni kopo lake, kama asivyoona pua yake.

"Kulikuwa na sabuni?" aliuliza akitoka majini, shati likichuruzika.

Fikiri akatazama mbali sana, upande wa Kongo.

"Ilikuwepo."

"Iko wapi?"

"Imekwisha."

"Imekwishaje?"

"Afande, sabuni huisha." Kisha akaona amekwama. "Ilikuwa ya kunukia. Ya miski. Nilinukia wiki nzima, na hapakuwa na mtu wa kuninusa."

Alois hakumkaripia. Aliukamua upindo wa shati lake, akauliza swali la mwisho.

"Huko nyuma, kwenye michikichi, kuna njia ya pikipiki?"

"Ipo, ya wanakijiji. Wageni hawaijui. Nani kakwambia?"

"Kaka wa marehemu, aliyeandika kwenye maelezo yake kwamba hajawahi kukanyaga hapa," alisema Alois.

Fikiri alimsindikiza mpaka mwisho wa mchanga, akasimama hapo kana kwamba eneo lake la kazi liliishia kwenye mstari ule. "Ukimaliza urudi," alisema. "Kuna samaki. Na mfungo umekwisha."

Njia ilipita kati ya michikichi, nyembamba, yenye alama ya tairi moja iliyorudia rudia. Mwisho wake, kijana alikuwa amelala chali juu ya pikipiki, miguu kwenye usukani. Nyuma ya kiti iliandikwa GODBLESS kwa rangi nyekundu.

"Shikamoo mzee," alisema bila kufumbua macho yote mawili. "Twende? Mbona umelowa?"

"Marahaba. Nilikuwa naoga."

"Na shati?"

"Niulize mimi, kijana." Akamwonyesha kitambulisho. Miguu ya Godbless ikashuka usukanini. "Siku ya kuamkia Idi ulimchukua mtu hapa."

"Ah, yule! Nani atamsahau? Kanipigia simu toka huko porini, Godi, njoo michikichini. Nakuja namkuta kasimama kama bwana harusi aliyeachwa na gari. Ananukia duka zima. Kanzu nyeupe, mpya, kaipandisha mpaka magotini isishike vumbi, kila shimo ananiambia polepole, polepole. Nikamwambia mzee, polepole zaidi ya hii tutakuwa tumesimama."

"Kanzu ilikuwa na alama yoyote?"

"Si kile kishada cha shingoni? Kijani. Kijani kabisa! Nikamtania, mjini kwenu uzi mweupe umekatazwa? Akasema ameshonewa hivyo hivyo."

"Ulimpeleka wapi?"

"Kijijini. Nyumba ya geti la bluu. Kwake."

"Umejuaje ni kwake?"

"Watoto walitoka mbio, 'Baba! Baba!' Nyumba unaweza kukodi, mzee. Wale hawakodishwi."

"Na sasa yuko wapi?"

"Yupo. Kwani ana kesi? Asubuhi nimempitishia mkate."

"Kuna mzee mwingine huwa unampeleka kwenye geti hilo? Mwenye fimbo?"

"Kaka yake? Yule huja kila mwaka, Idi pili, anashuka kwenye michikichi hapa hapa. Hataki kupita barabara ya kijiji. Mwaka huu ndiyo hakuja."

Mwaka huu alikuwa na msiba wa kusimamia. Alois hakuhitaji karatasi kuliona hilo. Babu zao hao ndugu walipita njia hii kwa miguu, kutoka pwani mpaka Tabora na kutoka Tabora mpaka ziwani, wakaoa mwanzo wa njia na mwisho wake, na kila mke alijua habari za mwenzake. Yaser naye angeweza kusema. Lakini Asila hakuwa mke tu. Alikuwa mtoto wa baba mdogo, na kumwacha kwa neno la talaka kungepasua nyumba ya wazee katikati, huku kina Hamoud, huku kina Asila. Mtu akifa, hakuna ukoo unaopasuka. Watu hupika pilau, wakasoma hitima, na mjane akajifungia mwenyewe.

Lakini ushahidi wa dereva wa pikipiki ni kanzu tu, na kanzu nyeupe siku ya Idi ni nyingi. Kabla ya kwenda kugonga geti la bluu, alitaka kuhakikisha jambo moja. Akapiga simu Tabora.

"Abee, afande." Nyuma yake mafundi bati waligonga na cherehani ilikuwa ikienda. "Shikamoo."

"Marahaba, Bi Asila. Nina swali la kazi. Yaser aliondoka na kanzu nyingine?"

Cherehani ikasimama.

"Ya Idi. Nilimshonea mwenyewe. Nikaikunja, nikaitia chini kabisa ya mfuko, kwa sababu yeye akipanga mfuko kila kitu kinajikunja. Imepatikana? Ziwa limeirudisha?"

"Ina alama yoyote ya kuitambua?"

"Kishada cha kijani. Uzi mweupe uliniishia na maduka yamekwisha kufungwa, naye anasafiri alfajiri. Nikasema akirudi nitakibadili kabla ya sala."

Godbless, aliyekuwa akisikiliza bila aibu, alichora kwa kidole shingoni mwake mahali kishada kilipoishia, akatikisa kichwa kukubali.

Alois akajiweka sawa, kama mtu anayesoma hukumu.

"Bi Asila, usikae eda."

Mafundi bati waligonga kwa muda mrefu.

"Yuko hai," alisema Asila.

"Yuko hai."

"Ameumia? Amefungwa?"

"Hapana."

"Yuko hospitali?"

"Yuko nyumbani," alisema Alois, na neno lilipotoka akajua amesema lote.

Asila hakuuliza nyumbani kwa nani. Alois alisikia akivuta pumzi, akasikia mtu akimsalimia barazani, akamsikia akiitikia kwa sauti ya kawaida kabisa, na mtu yule akipita.

"Hamoud anajua?"

"Huja kila Idi pili."

"Alikuwa akituaga kwamba anakwenda Urambo kuzuru makaburi," alisema Asila. "Nami nilikuwa nikimfungia visheti."

Godbless akaanza kutazama tairi lake la mbele, ambalo halikuwa na tatizo.

"Afande, uliyenaye hapo ndiye aliyemwona?"

"Ndiye."

"Muulize, kanzu ilimkaa?"

Alois akaondoa simu sikioni. "Kanzu ilimkaa vizuri?"

"Ile?" Godbless akapunguza sauti, lakini haikusaidia. "Ndefu, mzee. Ilikuwa ikimfagilia njia. Ndiyo maana kaipandisha."

"Ndefu kidogo," Alois akasema kwenye simu.

"Nilijua," alisema Asila. "Alikataa nimpime. Kila nikishika futi, ana haraka. Mwaka mzima ana haraka. Akasema kadiria tu, wewe unanijua."

Hakuaga. Hakukata simu pia. Labda aliiweka tu juu ya meza. Mafundi bati walinyamaza mmoja baada ya mwingine, ikawa saa ya kula. Alois alibaki katikati ya michikichi, shati likimkaukia mgongoni, simu sikioni, salio la Serikali, yaani la kwake, likiteketea. Halafu kanyagio likaanza, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, sindano ikipita juu ya nguo ya mtu mwingine, aliyekubali kusimama akapimwa.